Mkasi, Gundi na Neno la Kusema

Maneno husafiri kama watu, na mara nyingi yafikapo ugenini huwa yamekwisha kutua njiani sehemu ya mizigo yao. Neno "panki" ni mojawapo. Tangu Kyela mjini mpaka huku kwetu Lyulilo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, ukimtajia mtu panki atafikiri habari za kinyozi: nywele zimepunguzwa pembeni, zimeachwa juu. Walimu wa rika langu walilijua neno hilo katika mistari ya asubuhi, wakati wa kukagua kucha na vichwa. Kanuni ya shule ilikuwa nywele fupi zilizo sawa pande zote, na kijana aliyekuja na panki alirudishwa kwa kinyozi wake siku hiyohiyo.

Lakini nywele zilikuwa ganda la nje tu. Panki ilikuwa vuguvugu la vijana lililozuka katika miji ya New York na London katikati ya miaka ya 1970. Lilianza na muziki, likaingia katika mavazi, kisha likaacha alama ya kudumu katika sanaa ya kuchora na katika usanifu wa mabango, majalada ya santuri, magazeti na matangazo. Muziki wenyewe, kwa masikio yangu ya mzee, ni kelele. Alama iliyoachwa katika karatasi ndiyo iliyonivuta, kwa kuwa inahusu swali ambalo kila mwalimu wa nchi maskini amelala nalo: je, mtu asiye na fedha, asiye na mtambo wala cheti cha usanii, anaweza kusema neno lake likaonekana na watu? Na likisha kuonekana, linabaki kuwa lake?

Tuanze na hali ya wakati ule, maana hakuna moshi pasipo moto. Sisi tulizoea kuiona Uingereza kama tajiri asiyetikisika. Kumbe mwaka 1975 bei za bidhaa huko zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, na mwaka uliofuata watu wasio na kazi walipita milioni 1. Mwaka huohuo wa 1976 serikali ya Uingereza ilikwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9. Naam, msomaji, ni shirika lilelile ambalo Tanzania ilikuja kutiliana nalo mkataba mwaka 1986, na masharti yake tunayakumbuka. Vijana waliomaliza shule London walikuta milango ya kazi imefungwa. Wanamuziki mashuhuri wa wakati huo nao walikuwa matajiri wanaopiga vyombo vya gharama kubwa, wakiishi mbali na mitaa iliyowalea.

Vijana wakasema: basi tutajitengenezea wenyewe. Julai 1976 kijana mmoja karani wa benki, Mark Perry, alianzisha gazeti dogo la muziki wa panki. Alilipa jina la Sniffin' Glue, yaani kunusa gundi, jina ambalo mwalimu yeyote angelikataa mlangoni. Habari alizipiga kwa mashine ya chapa, vichwa vya habari akaviandika kwa kalamu ya maka, makosa akayakata kwa mstari bila kuyaficha, kisha akatoa fotokopi na kubana kurasa kwa pini. Toleo la kwanza lilikuwa nakala chache mno. Muda si mrefu yakawa maelfu. Yeye mwenyewe aliwahimiza wasomaji wasitosheke na gazeti lake bali wakaanzishe yao, na katika mwaka 1977, gazeti likiwa bado linapendwa, akalifunga. Magazeti ya namna hiyo yalizaliwa katika miji mingi ya Uingereza. Moja lilichapa mchoro wa namna ya kuweka vidole kwenye gita kwa sauti tatu tu, likamwambia msomaji kwamba hizo zamtosha kuunda bendi.

Hapo ndipo nilipotambua jamaa zangu. Katika chuo cha ualimu nilikofunzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakufunzi walitufundisha jambo hilohilo kwa jina lingine: zana za kufundishia kutokana na vitu vya mazingira yetu. Boksi la sabuni likifunguliwa ni ramani ya Afrika. Uji wa muhogo ni gundi. Makaa ya betri kuukuu yakitwangwa pamoja na majani mabichi ni rangi ya ubao. Mwalimu anayengoja vifaa viletwe toka wilayani, walituambia, atangoja mpaka wanafunzi wake waoe. Tofauti ipo, nami nitaifikia. Lakini mkono unaokata boksi Rungwe na mkono unaokata gazeti London ni mikono inayoelewana.

Mtu aliyeupa ukataji huo wa magazeti nguvu kuliko wengine wote ni Jamie Reid, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki Agosti 2023. Alisoma shule ya sanaa Croydon, kusini mwa London, na huko ndiko alikokutana na Malcolm McLaren, aliyekuja kuwa meneja wa bendi ya Sex Pistols. Mwaka 1970 Reid alishiriki kuanzisha kiwanda kidogo cha uchapaji kilichoitwa Suburban Press, kilichotoa vijitabu vya siasa za mtaa. Fedha za kulipia upangaji wa herufi hazikuwepo. Wakachukua magazeti, wakakata herufi moja moja, kubwa na ndogo, nyeusi na nyeupe, wakazibandika zikawa neno. Matokeo yake yalifanana na barua ya vitisho, ile inayoandikwa na mtu asiyetaka mwandiko wake ujulikane. Alipoletewa kazi ya Sex Pistols, Reid aliichukua njia hiyo iliyozaliwa na ufukara akaifanya sura ya bendi.

Mwaka 1977 Malkia Elizabeth II alitimiza miaka 25 katika kiti cha enzi, na nchi nzima ilipambwa kwa bendera. Bendi ikatoa santuri yenye jina la wimbo wa taifa, God Save the Queen. Kwenye jalada Reid aliweka picha rasmi ya Malkia, akayafunika macho na kinywa kwa vipande vilivyochanwa vyenye herufi za kubandika. Sisi tuliolelewa kuheshimu wakubwa tunaweza kukereka, na wengi huko kwao walikereka kweli; BBC ilikataa kabisa kuupiga wimbo huo. Lakini angalia jinsi picha ilivyofanya kazi. Hakuna kilichochorwa humo. Picha ni ya serikali, herufi ni za magazeti ya watu wengine. Mkasi na gundi tu ndivyo vilivyogeuza sifa kuwa swali.

Oktoba mwaka huohuo ikatoka albamu yao, jalada la manjano na waridi, halina hata picha ya mwanamuziki mmoja, herufi tupu. Neno moja katika jina lake lilihesabiwa kuwa matusi, na meneja wa duka la santuri mjini Nottingham aliyeliweka dirishani akapelekwa mahakamani kwa sheria ya matangazo machafu ya mwaka 1889. Novemba 1977 upande wa utetezi ulimleta profesa wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Nottingham, naye akaeleza asili ya neno hilo tangu karne za kale na maana zake zisizo za matusi. Mshtakiwa akaachiwa. Nimewaza mara nyingi juu ya shauri hilo: mwalimu wa lugha kusimama kizimbani kutetea jalada la santuri.

Isidhaniwe kuwa vijana hao walianza bila mababu. Kukata na kubandika picha kulifanywa na wasanii wa Dada, kundi lililozaliwa Zurich mwaka 1916 kwa hasira ya vita vya kwanza vya dunia. Mjerumani John Heartfield alitumia njia hiyo kumpiga vita Hitler. Na Mei 1968, wanafunzi wa Paris walipogoma, waliigeuza shule yao ya sanaa kuwa karakana ya mabango ya rangi moja, yaliyochapwa usiku na kubandikwa mitaani alfajiri. Jambo jipya la panki ni kwamba iliitoa kazi hiyo mikononi mwa wasomi wa sanaa ikampa karani wa benki na msichana wa mtaani.

Na mmoja wa wasichana hao alikuwa na damu ya pembe yetu ya Afrika. Marianne Joan Elliott-Said alizaliwa Uingereza mwaka 1957, baba yake Msomali, mama yake mzungu wa Uingereza. Tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliwaona Sex Pistols wakipiga katika mji wa pwani wa Hastings, naye akaamua kuunda bendi yake, X-Ray Spex. Alijipa jina la Poly Styrene, alilolipata katika kitabu cha simu alipokuwa akitafuta neno la plastiki, kwani aliona kwamba dunia ya biashara humgeuza binadamu kuwa kitu cha plastiki cha kutumika na kutupwa. Kazi ya kuchora na kubuni sura ya bendi yake aliishika mwenyewe: rangi kali zinazowaka, mavazi ya plastiki, maandishi ya mkono. Meno yake yalikuwa yamefungwa waya, wala hakuyaficha mbele ya kamera. Msichana chotara, katika nchi ambayo vyama vya ubaguzi vilikuwa vikiandamana mitaani, aliamua yeye mwenyewe namna atakavyoonekana. Alifariki Aprili 2011.

Aprili 30, 1978, Poly Styrene alikuwa miongoni mwa walioimba katika bustani ya Victoria Park, London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliotembea kutoka Trafalgar Square kupinga ubaguzi wa rangi. Mkutano huo uliandaliwa na wanaharakati wa Rock Against Racism, umoja ulioanzishwa mwaka 1976, na beji zao, mabango yao na gazeti lao vilitengenezwa kwa mtindo wa panki. Ninalisema hili kwa sababu vuguvugu hilo lilikuwa na upande wake wa giza pia. Baadhi ya vijana walivaa alama ya Wanazi ili kuwachokoza wazee tu, na dawa za kulevya ziliwamaliza wengine. Mpiga gita la besi wa Sex Pistols, Sid Vicious, alikufa kwa heroini Februari 1979 akiwa na miaka 21. Mkasi haujui haki na dhuluma. Hukata vyote viwili. Anayeushika ndiye anayejua.

Kuna kisa kidogo kinachotugusa zaidi. Desemba 1, 1976, Sex Pistols walitokea katika televisheni wakatoa matusi hewani, na kesho yake magazeti yote yaliwaka, nchi nzima ikawajua. Hawakuwa wamealikwa tangu mwanzo. Waliitwa dakika za mwisho kuziba nafasi ya bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964. Mercury alikuwa na stashahada ya usanifu wa michoro kutoka chuo cha Ealing, naye ndiye aliyechora nembo ya bendi yake: simba wawili, kaa, na malaika wa hadithi za kizungu, kazi ya mkono uliofunzwa. Basi kiti kilichoachwa na mchoraji mwenye stashahada kutoka Unguja kikakaliwa na watu wa mkasi na gundi. Historia hupenda mizaha ya namna hii.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka huo wa 1977, vijana wa London walipokuwa wakichana magazeti, sisi tulikuwa na yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuja kama mvua ya masika ya Kyela. Madarasa hayakutosha, vitabu havikutosha, karatasi haikutosha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hata wino wa mashine ya kudurufu ukawa wa kuazimana. Vijana ambao hawakuona mashine hiyo niwaeleze: stensili ni karatasi ya nta, uliitia katika mashine ya chapa bila utepe, herufi zikaitoboa, picha uliichora kwa kalamu ya chuma, na mkono ukiteleza, mtihani wa darasa zima ulikuwa na ramani ya Ziwa Nyasa iliyochanika kaskazini.

Katika ukosefu huo shule zetu zilikuwa na gazeti la ukutani. Wanafunzi waliandika habari, mashairi na mafumbo kwa mkono, wakakata picha katika Uhuru na Mzalendo za zamani, wakabandika vyote juu ya karatasi ya manila au boksi lililonyooshwa. Katika shule mojawapo niliyoiongoza miaka ya 1980, asubuhi moja tulikuta katikati ya gazeti hilo kichwa cha habari kisicho na jina la mwandishi: MAHARAGE YETU YAKO WAPI? Herufi zilikuwa zimekatwa moja moja kutoka magazetini, M kubwa ya tangazo la benki, H ndogo ya habari za mpira, R imekaa upande. Wanafunzi walikusanyika wakisoma kimya kimya. Kiongozi mmoja mwenye usemi juu ya ghala alinijia kabla ya saa nne.

"Mwalimu Mkuu, hao waliofanya hivi ni wahuni. Tafuta mwandiko."

"Mzee, mwandiko haupo. Lipo swali."

Gazeti lilibaki ukutani mpaka Ijumaa, na siku hiyo ghala lilifunguliwa mbele ya wazazi na magunia yakahesabiwa. Yalipungua mawili. Baada ya mwezi yalirudi, na hakuna aliyeuliza yalikotembea. Watoto wale hawakuwahi kumsikia Jamie Reid. Walikata herufi kwa sababu zilezile mbili: hawakuwa na kalamu ya maka, na hawakutaka kujulikana. Lakini sababu hizo mbili zisingetosha. Shule nyingi hazikuwa na kalamu za maka na kuta zao zilikaa tupu. Kilichoyafanya yale makaratasi yasomwe ni kwamba wenyewe walikuwa na neno la kusema, na neno lenyewe lilikuwa la kweli.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosifu umaskini kama mama wa sanaa. Umaskini ni umaskini. Yule kijana wa shule ya sanaa Croydon alikuwa amefundishwa kupanga herufi vizuri, akachagua kuzipanga vibaya; mtoto wangu wa darasa la sita hakuwa na la kuchagua. Hiyo ndiyo tofauti niliyoahidi kuitaja, na ni kubwa. Walichokuwa nacho wote wawili ni uamuzi: tutasema kwa kilichopo.

Mtanzania aliyeonyesha uamuzi huo kwa namna iliyo kuu kuliko zote ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama maelfu ya wengine, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa mbali na mfuko wake. Alitumia vipande vya ubao laini wa dari na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya kupakia baiskeli. Wanyama wake na ndege wake wanang'aa kwa sababu baiskeli hung'aa. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni. Alifundisha jamaa na vijana wachache, na mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 tu, aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka isiyozidi minne. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima, na wanaouendeleza wana chama chao cha ushirika tangu 1990. Lakini watalii wengi wanaobeba "tingatinga" kwenda kwao hawajui kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.

Hapo tunafikia swali la pili: neno likisha kuonekana, linabaki la nani? Mtindo wa panki ulipokomaa, vijana waliotoka katika vuguvugu hilo waliingia katika kazi rasmi. Malcolm Garrett na Peter Saville wa Manchester walitengeneza majalada ya santuri yaliyobadili uchapaji wa Uingereza. Neville Brody, aliyesanifu gazeti la The Face tangu 1981 mpaka 1986, alijichorea herufi zake mwenyewe, na makampuni ya matangazo yakamfuata nyuma. Hilo ni jambo jema, fundi kula jasho lake. Lakini wafanyabiashara hawakukomea hapo. Mwaka 2013 jumba kuu la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho ya mavazi ya panki kando ya magauni ya matajiri. Mwaka 2015 benki moja ya Uingereza ilitoa kadi za mikopo zenye picha za majalada ya Sex Pistols. Alama iliyozaliwa na vijana wasio na kazi ikawa pambo la deni.

Novemba 2016, Joe Corré, mtoto wa McLaren na mshonaji mashuhuri Vivienne Westwood, alipakia katika mashua kwenye Mto Thames nguo, santuri na vitu vya panki ambavyo mwenyewe alivithamini kwa pauni milioni 5, akavitia moto mchana kweupe. Alisema panki imegeuzwa kitu cha makumbusho. Wengi walimwita mwendawazimu, wakisema angeliviuza akawasaidia maskini. Nami sipendi kuona kitu kizuri kikiungua. Hata hivyo nalielewa swali lake: alama iliyobaki bila neno ina faida gani?

Kwetu, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Vijana wa Nairobi waliyafanya matatu kuwa kuta za maonyesho ya michoro na maandishi, mpaka kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004 zikataka kila gari liwe na mstari wa njano. Huku kwetu kuta za vinyozi ndizo zilizokuwa shule ya wachoraji. Kichwa cha upande, kichwa cha mbele, panki namba moja, panki namba mbili, vyote kwa rangi ya mafuta juu ya mbao, na herufi zenye vivuli. Vijana walijifunza kwa kumtazama mwenzao akichora, kama alivyofanya Tingatinga na wanafunzi wake.

Mmoja wao, niliyemfundisha kusoma, nilikutana naye sokoni Lyulilo si muda mrefu uliopita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Brashi bado ipo?"

"Ipo, Mwalimu, lakini wateja wanataka mabango ya kuchapwa Mbeya. Yanatoka kwenye kompyuta, siku moja tayari. Picha za vichwa ni za Wamarekani."

Sikuwa na la kumlaumu mteja. Bango la kompyuta ni rahisi na halitaki koti la pili la rangi. Lakini nilitazama vibanda vitatu vya vinyozi vilivyofuatana, na vichwa juu yake vilikuwa vilevile, vya watu walewale, ambao hawajawahi kukanyaga ufuko huu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa vyungu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe walikuwa wameshusha vyungu vyao kutoka mitumbwini na kuvipanga mchangani. Wanavifinyanga kwa mikono, wanavipamba shingoni, na vyungu hivyo husafiri mpaka Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Mpishi wa Tukuyu atakuambia chungu chake ni cha Kikisi, basi. Nani alikifinyanga hajui, na wala hajaulizwa. Hapo tunamwona Tingatinga upande wa pili: kwake jina lilibaki, mtu akasahauliwa, kwa mama huyu kazi imebaki, na jina halijawahi kutajwa.

Basi ninayo mawili ya kuwaambia walimu walio kazini, maana wazee hatulipwi pensheni ili tunyamaze. La kwanza, rudisheni gazeti la ukutani. Simu na kompyuta zipo na ni vyombo vizuri, lakini humpa mtoto herufi zilizokwisha kupangwa na picha zilizokwisha kupigwa. Mpeni mkasi, magazeti makuukuu, uji wa muhogo na ukuta, kisha msimwambie la kusema. Atakachobandika huenda kikawaudhi. Kikiwaudhi, msikimbilie kutafuta mwandiko. Hesabuni magunia kwanza.

La pili, mtoto akisha kubandika bila hofu, afundishwe kutia jina lake. Barua isiyo na jina ni silaha ya aliyebanwa, nami siwalaumu wale watoto wa maharage. Lakini mtoto akue akijua kwamba kazi ya mkono wake ni yake, hata kama imetengenezwa kwa boksi la sabuni. Nunueni chungu Jumamosi pale Lyulilo, na kabla hamjalipa, muulizeni mama jina lake. Mkifika shuleni liandikeni chini ya chungu kwa kalamu ya maka, mkiweke juu ya meza darasani, na watoto walisome.